Kutoka "Kidogo" hadi "Mahututi": Maneno ya Kadiri katika Mazungumzo ya Mgonjwa na Mhudumu wa Afya

Misigiri ni njia panda katika Wilaya ya Iramba, mkoani Singida. Hapo barabara kuu itokayo Singida kwenda Nzega hukutana na barabara iendayo Kiomboi, makao makuu ya wilaya. Mgonjwa anayefikishwa mahali kama hapo anasubiri uamuzi, na mhudumu wa afya anayempokea ndiye anayepaswa kuutoa: apewe dawa na kurudi nyumbani, apewe rufaa kwenda hospitali ya Kiomboi, au apandishwe gari la Singida mjini? Mara nyingi uamuzi huo huanza kuundwa kabla ya kipimo chochote kushikwa mkononi. Huanza na maneno: "anaharisha kidogo", "homa si kali sana", "leo afadhali".

Maneno hayo yana kazi moja. Yanajaribu kueleza mahali mgonjwa alipo kati ya ncha mbili, yaani uzima kamili kwa upande mmoja na hatari ya kifo kwa upande mwingine. Makala haya yanaeleza jinsi Kiswahili kinavyoipima nafasi hiyo ya katikati, ni wapi maneno hayo huweza kupotosha, na namna mgonjwa na mhudumu wanavyoweza kuyatumia ili wakutane mahali pamoja.

Mteremko na ngazi

Msafiri anayetoka Misigiri kuelekea Shelui huteremka Mlima Sekenke hadi nchi ya tambarare. Hakuna jiwe moja ambalo mtu anaweza kulionyesha akasema kwamba hapa ndipo nyanda za juu zinapokwisha. Mabadiliko huja taratibu. Ugonjwa mwingi nao huenda hivyo. Damu haipungui mwilini kwa hatua. Hupungua tone kwa tone. Shinikizo la damu halina mlango ambao mtu huuvuka na kuwa mgonjwa.

Tiba, hata hivyo, haiwezi kufanya kazi bila mipaka. Mhudumu lazima ajue ni lini atoe vidonge na ni lini aandike rufaa. Kwa hiyo taaluma ya tiba huuchukua mteremko na kuukata vipande kama ngazi. Kwa mama mjamzito, wingi wa damu wa gramu 11 au zaidi kwa desilita huhesabiwa kuwa wa kutosha. Kati ya 10 na 10.9 ni upungufu mdogo. Kati ya 7 na 9.9 ni upungufu wa wastani. Na chini ya 7 ni upungufu mkali. Mwili wa mama mwenye 7.1 hautofautiani sana na wa mama mwenye 6.9, lakini mpaka umewekwa ili asiyeonekana kuwa mgonjwa sana asisahauliwe.

Mgonjwa huongea lugha ya mteremko, na mwongozo wa tiba huandikwa kwa lugha ya ngazi. Tatizo kubwa la maneno ya kadiri huzaliwa hapo, katika kutafsiri mteremko kuwa ngazi.

"Kidogo" huelekea wapi?

Tuanze na neno linalotumika kuliko yote. "Kidogo" huonekana kuwa neno jepesi, lakini maana yake hutegemea neno linalolitangulia. Mtu akisema "mgonjwa kidogo", anaanzia kwenye uzima na kuondoka hatua moja kuelekea ugonjwa. Akisema "hajambo kidogo", anaanzia kwenye ugonjwa na kupiga hatua moja kuelekea uzima. Huyu wa pili aweza kuwa bado ana hali mbaya kuliko yule wa kwanza, ingawa neno lake linasikika zuri zaidi.

Kiswahili hakina kiambishi cha kulinganisha sifa. Tunasema "zaidi ya", "kuliko", "kupita". Maneno haya yote hudai kitu cha pili: kuliko nini? Kupita kipi? Katika mazungumzo ya haraka kitu hicho cha pili huachwa kwa sababu msemaji anakijua moyoni mwake. Mama anayesema "anaharisha kidogo" huenda anamlinganisha mtoto huyu na yule mkubwa aliyewahi kulazwa kwa kuharisha. Mhudumu naye hulinganisha na watoto kumi aliowaona asubuhi hiyo. Wote wawili wametumia neno moja, lakini kila mmoja amesimama mahali pake.

"Kiasi" lina shida inayofanana. Kwa asili neno hili ni kipimo: kiasi cha unga, kiasi cha fedha. Likiwekwa baada ya sifa, kama katika "sukari iko juu kiasi", hutaja kwamba kuna kipimo bila kutaja ni kipimo gani. Mgonjwa huweza kurudi nyumbani na neno hilo akiamini kwamba ameambiwa asiwe na wasiwasi, na mhudumu akiamini kwamba amemwonya.

Salamu si maelezo ya ugonjwa

Adabu zetu huongeza ugumu. Fikiria mazungumzo haya mafupi:

"Shikamoo, bibi."
"Marahaba, mwanangu."
"Habari za nyumbani?"
"Nzuri."
"Na wewe hujambo?"
"Sijambo, ila kifua tu kinanibana kidogo."

"Nzuri" na "sijambo" hapa ni majibu ya salamu, na mtu mwenye malezi huyatoa hata akiwa na homa kali. Habari yenyewe huja baada ya neno "ila". Tena bibi huyu ameipunguza mara mbili, kwa "tu" na kwa "kidogo", kwa kuwa si heshima kumtwisha kijana mzigo wa maumivu yake. Mhudumu anayeandika "hana malalamiko makubwa" ameandika salamu, hakuandika historia ya ugonjwa. Maumivu ya kubana kifua kwa mtu mzima hayapaswi kupimwa kwa unyenyekevu wa anayeyasimulia.

Hali hii huonekana pia kwa wajawazito. Wanawake wengi wamelelewa wakiambiwa "jikaze". Aliyejikaza vizuri hufika kwa mkunga akisema uchungu ni "wa mbali mbali", kumbe umekuwa wa karibu karibu tangu usiku. Kwa hiyo mkunga huweka mkono tumboni na kutazama saa, akahesabu uchungu umekuja mara ngapi katika dakika 10.

Ngazi ya kupona

Kiswahili kina maneno mengi ya kueleza mwendo wa mgonjwa kati ya kufa na kupona. Tukiyapanga kutoka chini kwenda juu, tunapata mfuatano unaokaribia huu: mahututi, hajiwezi, taabani, ana nafuu, amepata ahueni, hajambo, amepona, mzima. Wasemaji hawakubaliani kikamilifu juu ya mpangilio huo, hasa kati ya "nafuu" na "ahueni", lakini wote hujua kwamba "mahututi" ni ukingoni na "mzima" ni mwisho wa safari.

Neno "afadhali" halimo katika orodha hiyo kwa makusudi. Lina asili ya Kiarabu, lenye maana ya kilicho bora zaidi, na kazi yake ni kulinganisha. "Leo afadhali" maana yake ni kwamba leo ni bora kuliko jana. Haisemi leo yenyewe ikoje. Mtoto aliyekuwa akitapika kila kitu jana, na leo akaweza kubakiza vijiko viwili vya uji, kwa kweli ana afadhali. Hata hivyo anaweza kuwa bado amepungukiwa maji kiasi cha kuhatarisha maisha yake. Swali linalofaa baada ya kusikia "afadhali" ni jepesi: jana alikuwaje, na leo anaweza kufanya nini ambacho jana hakuweza?

Wazee wengi wa Iramba huzungumza Kinyiramba nyumbani, na huja kliniki wakiongozwa na mjukuu anayewatafsiria. Katika safari hiyo ya lugha, ngazi hupungua. Mgonjwa ameeleza hatua nne za maumivu yake, na mjukuu akazileta kwa Kiswahili kama mbili: "anaumwa" na "anaumwa sana". Inafaa mhudumu amwombe mjukuu arudie maneno yote ya bibi au babu, pamoja na ishara za mkono, kabla ya kuyafupisha.

Neno linaporudiwa

Njia nyingine ya Kiswahili ya kueleza kadiri ni kurudia neno. Kurudia huko mara nyingi hupunguza nguvu ya tendo au hulitawanya katika muda. Anayelia ana jambo. Anayelialia ananung'unika tu. Anayeumwa yuko kitandani. Anayeumwaumwa yuko shambani, ila hayuko sawa. Mwili wenye joto una homa. Mwili wenye jotojoto humfanya mzazi asite kwenda kupima.

Mfano wenye uzito zaidi ni kikohozi. "Nakohoakohoa tu" ni maneno ya mtu anayeona kwamba hastahili kumsumbua daktari. Lakini kifua kikuu, hasa mwanzoni, huweza kuja kwa namna hiyo hasa: kikohozi kisicho kikali, kinachokuja na kuondoka, ambacho hakimzuii mtu kufanya kazi. Katika ugonjwa huu, ukali wa kikohozi si kipimo cha kutegemewa. Muda ndio kipimo. Mtu aliyekohoa kwa wiki mbili au zaidi anapaswa kupimwa makohozi, hata kama anakohoakohoa tu. Anayeishi na virusi vya UKIMWI anapaswa kuchunguzwa akiwa na kikohozi cha muda wowote.

Jambo hili linahusu sana eneo la Misigiri. Dhahabu imechimbwa Sekenke tangu enzi za utawala wa Wajerumani, na vumbi la mawe yenye silika huongeza hatari ya kupata kifua kikuu. Mchimbaji aliyezoea vumbi huona kukohoakohoa kuwa sehemu ya kazi. Mhudumu anayemuuliza "unakohoa sana?" atajibiwa "hapana". Akimuuliza "umekohoa tangu lini?" ataweza kupata jibu linalookoa maisha yake na ya watu anaolala nao chumba kimoja.

Rangi kati ya rangi

Sifa za rangi zenye asili ya Kibantu katika Kiswahili ni tatu: -eusi, -eupe na -ekundu. Rangi nyingine hutajwa kwa vitu. Kijani hutokana na majani, kijivu na majivu, kahawia na kahawa, manjano na kiungo cha jikoni. Huu si upungufu wa lugha. Ni njia ya kupima kwa kutumia kitu kinachojulikana na wote, nayo humfaa sana mhudumu wa afya.

Chukua mkojo. Ukimuuliza mgonjwa kama mkojo wake ni wa kawaida, atakujibu kwamba ni wa kawaida, kwa kuwa huo ndio anaouona kila siku. Ukimwekea ngazi ya vitu, atakuelekeza vizuri: je, unafanana na maji, na chai ya rangi iliyokolea kidogo, na chai ya rangi iliyokolea sana, au na soda nyeusi? Rangi inayokolea huweza kuonyesha kwamba mtu hanywi maji ya kutosha. Rangi ya chai nzito ikiambatana na macho ya manjano huelekeza kwenye ini au nyongo. Mkojo mweusi kwa mgonjwa mwenye homa na malaria ni dalili ya hatari na hausubiri kesho.

Hali ni hiyohiyo kwa weupe wa kiganja. Mhudumu hufundishwa kutofautisha weupe wa kiasi na weupe mkubwa kwa kulinganisha kiganja cha mtoto na chake mwenyewe au cha watoto wengine. Hapo kitu cha pili cha ulinganisho kimetajwa waziwazi, na kwa sababu hiyo wahudumu wawili huweza kufikia jibu moja.

Kitambo, juzijuzi na kutwa

Muda nao una maneno yake ya katikati. "Juzi" ni siku moja kabla ya jana, lakini "juzijuzi" huweza kuwa wiki iliyopita au mwezi uliopita. "Kitambo" ni gumu zaidi: kwa baadhi ya wasemaji ni muda mfupi, kwa wengine ni muda mrefu. Mgonjwa akisema uvimbe ulianza "kitambo", mhudumu asikisie. Amuulize kwa matukio anayoyakumbuka: kabla au baada ya kuvuna alizeti? Mvua zilikuwa zimeanza? Mtoto huyu alikuwa ameanza kutembea?

Safari hii mhudumu naye hukosea. Maelezo "kimoja kutwa mara tatu" yamezoeleka mno kiasi kwamba hatuyasikii tena. Lakini "kutwa" kwa maana yake ya asili ni tangu asubuhi hadi jua kuzama. Mgonjwa anayelifuata neno lenyewe anaweza kumeza vidonge vitatu kati ya asubuhi na jioni, kisha akakaa usiku mzima bila dawa. Kwa dawa inayotakiwa kila baada ya saa 8, ni bora kutaja saa zenyewe kwa hesabu ya Kiswahili: saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana na saa nne usiku. Ikiwa mgonjwa hana saa, watafute pamoja alama zinazokaribiana na nyakati hizo, mathalani kuamka alfajiri, mlo wa mchana na wakati wa kulala.

Maumivu: aina na kiwango

Kiswahili kina maneno mengi ya aina za maumivu. Tumbo hunyonga au hukata, kidonda huchoma au hupwita, kichwa hugonga au huwanga, misuli huvuta, ngozi huwasha. Maneno haya yana thamani ya uchunguzi, na mhudumu ayaandike kama yalivyosemwa. Lakini aina si kiwango. Tumbo linalonyonga laweza kuwa la kuvumilika au la kumfanya mtu ajikunje sakafuni.

Kwa ajili ya kiwango, hospitali nyingi hutumia kipimo cha 0 hadi 10, ambapo 0 ni kutokuwa na maumivu kabisa na 10 ni maumivu makali kuliko yote ambayo mgonjwa anaweza kuyafikiria. Kwa watoto hutumiwa michoro ya nyuso, kuanzia uso unaotabasamu hadi unaolia. Namba hizi nazo huhitaji kuelezwa, kwa kuwa mtu aliyezoea alama za shule huweza kudhani kwamba 10 ni jibu zuri. Baada ya kupata namba, ongeza swali la kazi: maumivu haya yanakuzuia kulala? Kula? Kutembea hadi kisimani? Mtu anayesema "kidogo tu" lakini hajalala kwa siku tatu amejibu kwa uwazi kuliko namba yoyote.

Neno linapopewa kipimo

Neno la katikati si lazima libaki na utata. Linaweza kupewa alama zake. Mfano bora ni upungufu wa maji kwa mtoto anayeharisha, ambao mwongozo wa matibabu ya watoto huugawa katika hatua tatu.

Hatua ya kwanza ni kutokuwepo kwa dalili za kutosha za upungufu. Mtoto hutibiwa nyumbani kwa vinywaji vya ziada, ORS na zinki, na mama huendelea kumnyonyesha na kumlisha.

Hatua ya pili ni upungufu kiasi. Hapa "kiasi" si neno la kukisia tena. Hutimia zikionekana dalili mbili au zaidi kati ya hizi: mtoto hatulii na ana hasira, macho yamedidimia, anakunywa kwa pupa kwa sababu ya kiu, ngozi ya tumbo ikifinywa hurudi polepole. Mtoto hupewa ORS akiwa kituoni, mililita 75 kwa kila kilo ya uzito wake, kwa muda wa saa 4, kisha huchunguzwa tena.

Hatua ya tatu ni upungufu mkubwa. Zitazamwe dalili mbili au zaidi kati ya hizi: mtoto amelegea sana au amepoteza fahamu, macho yamedidimia, hawezi kunywa au anakunywa kwa shida, ngozi ikifinywa hurudi polepole sana, yaani huchukua zaidi ya sekunde 2. Huyu anahitaji maji ya mshipa mara moja.

"Polepole" na "polepole sana" vimetenganishwa kwa sekunde 2. "Kunywa kwa pupa" na "kushindwa kunywa" vimetenganishwa kwa kitendo ambacho mama yeyote anaweza kukiona. Ndivyo ilivyo pia kwa utepe wa kupimia mkono wa mtoto wa miezi 6 hadi 59: chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, kutoka 11.5 hadi chini ya 12.5 ni njano, na 12.5 au zaidi ni kijani. Neno "amekonda kidogo" limegeuka kuwa rangi isiyobishaniwa.

Damu baada ya kujifungua inahitaji uangalifu kama huo. "Inatoka kidogo" ni maneno ya hatari mama akiwa nyumbani. Kwa miaka mingi wakunga wamefundishwa kwamba mililita 500 ni damu nyingi, nacho ni kiasi cha chupa ndogo ya maji ya nusu lita. Familia iambiwe ihesabu vitambaa au kanga zilizolowa, na isisubiri damu iwe "nyingi" machoni pa kila mtu.

Mambo ya kuzingatia

Kwa mgonjwa na ndugu zake:

Unapoeleza hali, taja mambo matatu: ilianza lini, ikoje ikilinganishwa na jana, na ni kitu gani mgonjwa hawezi kufanya sasa.

Usipunguze ugonjwa kwa ajili ya adabu. Heshima umekwisha kuitoa katika salamu.

Mtoto asiyeweza kunywa au kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, au aliyelegea na kupoteza fahamu, hayuko katikati tena. Apelekwe kituoni saa hiyohiyo, hata kama kuna anayesema kwamba ana afadhali.

Ukiambiwa "kiasi" au "kidogo" na mhudumu, muulize: je, ni kiasi cha kurudi nyumbani au cha kubaki? Nirudi nikiona nini?

Kwa mhudumu wa afya:

Kila unaposikia "kidogo", "sana" au "afadhali", uliza kuliko nini na tangu lini.

Andika neno la mgonjwa, kisha andika kando yake ulichokihesabu wewe: pumzi kwa dakika, joto la mwili, mara za kuharisha, saa za usingizi.

Katika barua ya rufaa usiandike "hali si nzuri". Kutoka njia panda ya Misigiri hadi chumba cha dharura, barua hiyo ndiyo itakayosema kwa niaba ya mgonjwa aliyeshindwa kusema. Andika jinsi alivyokuwa saa ngapi, na jinsi alivyo sasa, ili atakayempokea ajue kama anapanda au anateremka.